Aache Pombe Kwanza, Halafu?

Kuna maneno matatu ninayoyasikia kila wiki hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kila mara yananikera: aache pombe kwanza. Huyasema mama mkwe katika kikao cha familia, huyasema mchungaji, huyasema muganga wa kituo cha afya huku ameshafunga fishi, yaani kadi, ya mgonjwa. Aache pombe kwanza, halafu ndiyo tutaongea naye mambo ya vita. Aache bangi kwanza, ndipo tumsikilize habari za ndugu zake waliokatwa mapanga. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wamechoka, na mlevi anachosha kweli: anauza sufuria za nyumba, anaamsha watoto saa nane za usiku, anaahidi mbele ya wazee na kesho yake anavunja. Lakini kanuni yenyewe ni mbovu. Inamdai mgonjwa apone nusu ndipo aruhusiwe kuanza kutibiwa.

Mimi ni APS, ndivyo tunavyoitwa huku sisi washauri wa kisaikolojia tusiokuwa na shahada kubwa. Nilisomea ualimu, kazi hii nikafundishwa na mashirika yaliyokuja na kuondoka, na Jumamosi asubuhi ninakaa na kikundi cha watu wanaokunywa kupita kiasi katika darasa la shule ya msingi huko Kadutu, hapa mjini. Madawati ni ya watoto, magoti ya wazee wetu yanagonga mbao. Wanaume ni wengi kuliko wanawake. Sidhani kama ni kwa sababu wanakunywa zaidi. Wanawake wanajua kujificha.

Aliyenipa maneno ya kubishana na ile kanuni ni Mmarekani, Lisa Najavits, mwanasaikolojia tiba ambaye kazi yake kubwa aliifanyia Boston. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa na wagonjwa wanawake waliobakwa au kupigwa, wengi tangu utotoni, na ambao wakati uleule walikuwa wamezama katika pombe, kokeini au heroini. Huko kwao nako kulikuwa na milango miwili isiyojuana. Ukigonga mlango wa watu wa kiwewe, yaani jeraha la moyo linaloachwa na ukatili au vita, unaulizwa kama unakunywa. Ukikubali, unaambiwa rudi ukishaacha. Ukigonga mlango wa watu wa ulevi, unaambiwa mambo ya zamani usiyafungue hapa, yatakurudisha kwenye chupa. Mgonjwa anabaki barabarani kati ya milango miwili. Mwaka 1997 Najavits na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwepo na kukuta kwamba kati ya wanawake waliokuwa katika tiba ya uraibu, asilimia 30 hadi 59 walikuwa pia na maradhi ya msongo wa baada ya kiwewe. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo hakuwa mgeni aliyepotea njia. Alikuwa mtu wa kila siku pale hospitalini, ila hakuna aliyemuuliza.

Maradhi hayo ya kiwewe yaliingia rasmi katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya askari wao kurudi kutoka Vietnam wakiwa na miili mizima na usingizi uliovunjika. Miaka mitano baadaye daktari Edward Khantzian aliandika kwamba walevi wengi hawafuati raha, wanajitibu. Kila mmoja huchagua kileo kinachotuliza maumivu yake mahususi. Wataalamu wamebishana naye tangu wakati huo, na ni kweli kwamba wapo wanaokunywa kwa sababu tu marafiki wanakunywa na bia ya Primus iko baridi. Lakini kaa darasani kwetu Jumamosi moja utamsikia Khantzian akisemwa kwa Kiswahili cha Kadutu na mtu ambaye hajawahi kusikia jina lake.

Kuna papa mmoja, yaani baba, alikuwa mchimbaji wa dhahabu upande wa Shabunda, sasa anaendesha pikipiki ya mtu mjini. Siku ya kwanza alikaa karibu na mlango, kofia mkononi. Nilimuuliza anakunywa nini, akasema kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji. Nikamuuliza inampa nini. Wenzake walicheka, kwa sababu walizoea kuulizwa inawanyang'anya nini. Yeye hakucheka. Alisema: "Muganga, mi sikunywake juu ya raha. Nakunywaka juu nisiote."

Mimi si muganga, nimemwambia mara nyingi, lakini ameamua.

Nilimuuliza ndoto zinakuja saa ngapi. Swali hilo dogo ndilo lililofungua mambo. Akinywa vya kutosha analala mara moja kama gogo, lakini saa tisa au saa kumi anashtuka ametota jasho, moyo unapiga, na anajikuta amesimama katikati ya chumba, mkono umeshika kitasa. Basi kabla ya kulala huweka nusu glasi chini ya kitanda, ya saa tisa. Alidhani ni kasoro ya kanyanga ya siku hizi, kwamba wanaizimua. Nilimweleza nilichofundishwa: pombe humlaza mtu haraka na hubana kile kipindi cha usingizi chenye ndoto nyingi, inapoanza kuisha mwilini, usiku wa manane, ndoto zilizobanwa hurudi kwa nguvu zaidi. Dawa yake inamfanyia kazi mwanzoni mwa usiku na kumwuza mwishoni. Na mtu aliyezoea kunywa kila siku akiacha, usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu huwa ndiyo migumu kuliko yote aliyopitia.

Sasa rudi kwenye ile kanuni. Tunapomwambia mtu huyu aache kwanza ndipo tuzungumze, tunamtuma peke yake kwenye usiku huo mgumu, bila kumpa chochote cha kushika, halafu siku ya nne akionekana kwenye kibanda cha kanyanga tunasema hana nia.

Na kuna jambo lingine ambalo ningelipigia kengele kama ningekuwa nayo. Kwa mtu anayekunywa pombe kali tangu asubuhi, kila siku, kwa miaka, kuacha ghafla kunaweza kumuua. Kutetemeka huanza ndani ya saa chache. Degedege linaweza kumpiga katika siku mbili za kwanza. Kuanzia siku ya pili au ya tatu wengine huchanganyikiwa kabisa, joto linapanda, wanaona wadudu ukutani au watu waliokwisha kufa. Hayo yanatibika: anahitaji kulazwa, kupewa dawa kama diazepam kwa kipimo cha daktari, vitamini B1, maji, na mtu wa kumwangalia. Diazepam ya kujinunulia vidonge viwili viwili kwenye farmasi ya barabarani sio tiba hiyo. Ukiichanganya na kanyanga, pumzi inaweza kukata usingizini.

Nimewahi kuitwa kwenye chumba cha maombi ambamo kijana alikuwa amefungiwa siku ya tatu bila chakula, ili pepo wa ulevi atoke. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, anazungumza na kaka yake marehemu, na waombaji walikuwa wanashangilia kwa sababu pepo alikuwa anajionyesha. Mimi ni mtu wa kanisa, niliimba kwaya mpaka nilipozaa mtoto wa pili, sikwenda pale kubishana na Roho Mtakatifu. Nilimwambia mchungaji kando kwamba kijana apelekwe hospitali na maombi yafuate hukohuko. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Nadhani na yeye alikuwa ameogopa. Kijana alipelekwa, akapona yale ya mwili. Hakuna aliyemuuliza habari za kaka yake.

Hapo ndipo Najavits anapoanzia, kwenye swali ambalo hakuna aliyeuliza. Mwaka 1992 alianza kuandaa tiba inayoshika vyote viwili kwa wakati mmoja, akaiita Seeking Safety, na mwongozo wake ukachapishwa mwaka 2002. Wazo lake ni rahisi kulieleza: mtu mwenye kiwewe na uraibu anahitaji kwanza usalama, yaani kupunguza vileo, kutoka kwenye mikono ya wanaomuumiza, kuacha kujidhuru, kuweza kuumaliza usiku. Hadaiwi asimulie alichotendewa. Kazi inafanyika kwenye leo na kesho. Kuna mada 25, na kila moja inasimama peke yake, hivyo aliyekosa wiki mbili kwa sababu ya mvua au mazishi hajapitwa na kitu. Kwetu hilo peke yake ni neema. Kadutu wakati wa mvua, mlima ukianza kuteremsha udongo, nusu ya kikundi haifiki.

Kila kikao kinafunguliwa kwa maswali machache, yaleyale kila wiki: unajisikiaje, ni jambo gani jema ulilofanya kujisaidia, je, umekunywa au kufanya jambo la hatari, je, ulitimiza ulichoahidi, na je, ulipata msaada ulioelekezwa kuutafuta. Angalia mpangilio. Swali la kunywa linakuja la tatu, na linaulizwa kwa sauti ileile kama mengine. Mtu anajibu "Ndiyo, Alhamisi, glasi nne" na tunaendelea. Mara ya kwanza watu hawaamini. Wanasubiri mahubiri.

Baada ya maswali, Najavits huweka nukuu fupi ya kutafakari. Sisi tumeondoa zake na kuweka methali, na mara nyingine methali inakula kikao kizima. Tulipofika mada ya kuomba msaada nilisoma "mficha maradhi kilio humfichua", nikadhani nimechagua vizuri. Mzee mmoja wa Cimpunda akaniuliza: na mfichua maradhi, je? Huko kwetu ukisema unaota vita, kesho barabara nzima inakuita mtu wa Sosame. Sosame ni kituo cha afya ya akili cha Mabradha wa Upendo hapa mjini, kimetibu watu wetu tangu miaka ya 1990, na pamoja na kazi yote hiyo jina lake bado watoto wanalitumia kutukana. Tulizungumza saa nzima juu ya nani unaweza kumwambia na nani huwezi. Ilikuwa ndiyo mada yenyewe, ila iliingia kwa mlango wa nyuma.

Sura niliyoipenda zaidi ni ile ya mipaka katika mahusiano, na aliyenifundisha maana yake ni mama mmoja nitakayemwita Mama Neema, ingawa sio jina lake. Alitekwa msituni, akarudi, mume akaondoka. Alitibiwa mwili katika hospitali ya Panzi, ile iliyofunguliwa na daktari Mukwege mwaka 1999, na anaisema vizuri. Kunywa kulianza baadaye, alipoanza kupika kanyanga ili kulipa karo ya watoto. Kwa kawaida tunamwambia mtu akae mbali na mahali penye pombe. Yeye pombe iko jikoni, pipa linachemka, bomba linadondosha. Angekaa mbali na nini, na karo ingetoka wapi?

Tulimuuliza atueleze kazi yake hatua kwa hatua, na hapo tukaona tundu lilipo. Mpishi wa kanyanga lazima apime ukali. Ya kwanza kutoka ni kali mno, ya mwisho ni maji matupu, na mteja akipewa maji harudi. Mama Neema alikuwa anapima kwa ulimi, kila mpiko, kidogo kidogo, tangu alfajiri. Kufikia saa nne alikuwa amekunywa glasi mbili bila kumimina hata moja. Baadaye akawa anajiwekea kwenye kifuniko cha termosi, ili watoto wadhani ni chai. Mwanamke mwenzake kikundini, naye aliwahi kupika, akamwambia: si upime kwa moto? Unamimina kijiko kimoja, unawasha kiberiti. Ikiwaka buluu iko sawa, ikikataa kuwaka umefika mwisho. Mama Neema alijua njia hiyo, kila mpishi anaijua, ila ulimi ulikuwa karibu zaidi. Aliahidi wiki ile kupima kwa kijiko tu; huo ndio ukawa mpaka wake. Jumamosi iliyofuata, swali la nne lilipomfikia, alifungua mkoba na kutoa kijiko, kimeungua mpaka shingoni. "Moto hauongopi," alisema.

Hajaacha kabisa. Anakunywa jioni, na anasema hivyo mwenyewe. Lakini asubuhi zake amezirudisha, na binti yake mkubwa ameacha kunusa termosi.

Ule mwongozo una orodha ya zaidi ya njia 80 za kujisaidia wakati moyo unapochafuka. Kijiko na kiberiti havimo. Sioni ubaya; orodha imeandikwa Boston. Kilichotufaa moja kwa moja ni mazoezi ya kujirudisha hapa ulipo pale kumbukumbu inapokuteka: kutaja vitu unavyoviona, kugusa kitu chenye ubaridi, kusema jina lako na tarehe ya leo. Papa wa pikipiki hutaja vituo vya barabara kutoka Panzi kuja mjini, Panzi, Essence, Major Vangu, Nyawera, kwenda na kurudi, mpaka moyo upungue kasi. Mama mwingine, mbeba mizigo wa sokoni, hupitisha kidole kwenye mshono wa kitenge chake na kuhesabu nukta za uzi. Hakuna anayejua anafanya nini. Anaonekana kama mtu anayekagua nguo.

Sasa niseme na upande wa pili, kwa sababu huwa sipendi mtu anayeleta habari za utafiti kama mwuza dawa sokoni. Jaribio la kwanza la Najavits, lililochapishwa mwaka 1998, liliingiza wanawake 27, na 17 ndio walihudhuria vikao vya kutosha kuhesabiwa. Hao walipungukiwa na vileo na dalili, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Mwaka 2009 mwanasaikolojia mwingine, Denise Hien, alitoa matokeo ya jaribio kubwa: wanawake 353 katika vituo saba vya tiba ya uraibu Marekani. Nusu walipata vikao 12 vya Seeking Safety, nusu walipata vikao 12 vya elimu ya afya ya wanawake tu, mambo ya mwili, lishe na maradhi. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya kiwewe, bila tofauti ya maana kati yao, na kwa upande wa vileo hakuna kundi lililolishinda jingine.

Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema basi, tiba ya Najavits ni bure. Mimi nayasoma vingine. Mwanamke aliyezoea kufukuzwa, ukimkalisha mara mbili kwa wiki, ukamwita kwa jina, ukamfundisha kitu kuhusu mwili wake bila kumdharau, tayari umemtibu kiasi. Elimu ya afya haikuwa bure. Ilikuwa tiba isiyojua kwamba ni tiba.

Kuna pia waliokwenda mbali kuliko yeye. Huko Sydney, Katherine Mills na wenzake walichukua watu 103 wenye kiwewe na uraibu, wakawapa baadhi yao tiba inayosimulia tukio lenyewe, mara kwa mara, mpaka makali yapungue, huku ulevi unatibiwa pamoja. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha dalili za kiwewe zimepungua zaidi kwa hao kuliko kwa wale waliopata tiba ya kawaida ya uraibu peke yake. Kwenye vileo hakukuwa na tofauti kubwa. Mwaka uliofuata Edna Foa alichapisha kazi yake na watu 165 wenye kiwewe na utegemezi wa pombe, akakuta vilevile kwamba kusimulia hakukuwarudisha kwenye chupa. Ile hofu ya zamani, kwamba ukimgusa mlevi kidonda atakunywa mara mbili, haikuthibitika. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko namba zote. Najavits mwenyewe baadaye aliandaa tiba nyingine inayogusa yaliyopita, kwa hiyo sio kwamba anaogopa hadithi. Anachosema ni kwamba mtu asilazimishwe kuanza nayo.

Nami nakubaliana naye kwa sababu ya kikao kimoja ambacho sitakieleza, kilichoendeshwa na mgeni mwenye haraka ya kuandika ripoti.

Na huku kwetu je? Watu hudhani utafiti ni wa Wazungu kwa Wazungu. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika hapahapa Kivu, Kusini na Kaskazini, na wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Katika vijiji saba walipata tiba ya kikundi ya kuchambua mawazo yanayoachwa na kiwewe, kama "ni kosa langu" na "nimechafuka". Katika vijiji vinane walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili nzito za huzuni au wasiwasi walikuwa asilimia 9 upande wa kikundi na asilimia 42 upande wa pili. Walioendesha vikao walikuwa wanawake Wakongomani, washauri kama mimi, wenye miaka kadhaa ya sekondari, wakifundishwa na kusimamiwa. Na Goma, mwaka huohuo wa 2013, Katharin Hermenau na wenzake walichapisha kazi yao na wapiganaji wa zamani 30, waliosimulia maisha yao tangu kuzaliwa, mabaya waliyotendewa na mabaya waliyoyatenda, pamoja na ule msisimko wa vita ambao hakuna anayependa kuukiri. Waliopata tiba hiyo walipungukiwa na dalili za kiwewe.

Kwa hiyo hoja kwamba hatuna wataalamu wa kutosha nimeacha kuikubali. Wataalamu ni wachache, ndiyo. Lakini wa kufundishwa wapo, wamejaa, wengine wanauza mandazi.

Ninachomdai Najavits ni kingine. Tiba yake inamfundisha mtu kwamba hatari ilikuwa jana na leo anaweza kujenga usalama. Bukavu ilipigwa mwaka 1996, ikapigwa 1998, ikapigwa 2004, na Februari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini. Benki zilifungwa, dawa zikaadimika, na usiku watu wa Panzi na Essence walijua kutofautisha milio ya bunduki kwa umbali. Papa wa pikipiki alirudi kikundini akiwa amekunywa, akaniuliza swali zuri: "Wewe ulisema moyo wangu unanidanganya, hakuna hatari. Sasa nani alikuwa na haki?" Moyo wake ndio ulikuwa na haki. Woga wa kiasi fulani hapa ni akili timamu, na mshauri anayeuita wote ugonjwa atapoteza imani ya watu wake siku ya kwanza mlio ukisikika.

Tulilizungumza hilo kwa wiki nyingi, na tulipofika ni hapa: kuna woga unaokusaidia kuchagua njia ya kurudi nyumbani kabla ya giza, na kuna woga unaokusimamisha saa tisa usiku mkono ukiwa kwenye kitasa wakati nje kuna mbwa tu. Pombe haitofautishi. Inazima vyote viwili, na mtu aliyezimika hasikii mlango ukivunjwa kweli. Hoja hiyo, ambayo ilitoka kwa mama mbeba mizigo na sio kwangu, imewapunguzia wanaume kadhaa glasi ya usiku kuliko mafundisho yangu yote juu ya ini. Wanataka kuwa macho kwa ajili ya watoto wao. Papa sasa halazi glasi chini ya kitanda. Amelaza tochi.

Kwenye vituo vya afya ninaomba jambo dogo. Mlevi akija, muulize analala vipi. Mwenye ndoto za vita akija, muulize anakunywa nini na tangu saa ngapi, bila kukunja uso. Maswali mawili, hayahitaji bajeti wala mgeni. Anayetetemeka asubuhi apelekwe kwa daktari kabla ya kuambiwa aache. Na kwenye kikundi chetu mtu anaruhusiwa kuja akiwa amekunywa, mradi anaweza kukaa na kusikiliza. Asiyeweza tunamsindikiza nyumbani na tunamwambia tunamsubiri wiki ijayo. Wapo walionilaumu kwamba ninalea ulevi. Waje wakae Jumamosi moja, madawati yapo.

Wiki ijayo tunaanza mada ya hasira. Wanaume wameomba kikao chao peke yao, wakisema kuna mambo hayasemeki mbele ya akina mama. Akina mama wamekataa. Wanasema hasira hizo wanazijua kuliko wenyewe, wamezipikia na kuzifulia. Bado hatujaafikiana.